Bila saa napata, nikiweka saa nakwama: nifanyeje na GRE?

*Shikamoo mwalimu. Niko Nyakato hapa Mwanza, nafanya takwimu kwenye mradi mmoja wa samaki. Nataka kuomba shahada ya uzamili Marekani, na chuo ninachokitaka kinadai GRE, ule mtihani wa kompyuta wa kuombea uzamili. Nimebakiza wiki sita na nitaufanyia nyumbani. Shida yangu ni muda. Hesabu bila saa napata 13 au 14 kati ya 15. Nikiweka saa ya dakika 26, maswali matatu hadi matano ya mwisho siyagusi kabisa. Kwenye Kiingereza ndiyo usiseme, kila kifungu nasoma mara mbili. Rafiki yangu aliyefanya GMAT (mtihani wa kuombea shahada za biashara) ananiambia niweke nguvu zote kwenye maswali matano ya mwanzo. Mwingine anasema nijifunze tu kukimbia. Nimsikilize nani?*

Marahaba, mdogo wangu. Kati ya hao wawili usimfuate hata mmoja, ingawa yule wa GMAT hakudanganyi. Anakupa dawa ya ugonjwa mwingine. Nitamrudia.

Mtu anayepata 14 kati ya 15 bila saa hana tatizo la hesabu. Na kwa mwendo pia nina shaka kama ndiko tatizo liliko.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi, binti mhandisi, aliyekuja na kilio kama chako. Jumamosi moja nikamkalisha sebuleni kwangu Nyegezi, nikampa sehemu ya pili ya hesabu: maswali 15, dakika 26. Sikumwambia nafanya nini. Nilikaa nyuma yake na simu, nikaandika mgongoni mwa risiti ya duka kila swali limekula muda gani. La kwanza dakika 1 na sekunde 10. La pili sekunde 55. La tatu 1:30, la nne 1:20, la tano 2:00, la sita 1:15. Mpaka hapo shwari. La saba lilikuwa la pembetatu ndani ya duara. Akachora, akafuta, akachora tena, akavua miwani akaifuta, akarudi. 5:40, na bado akalikosa. La nane 1:25, la tisa 1:40. La kumi, la uwezekano, 4:50. Hilo alilipata, na nikamwona anatabasamu. La kumi na moja 1:30. Alipoitupia saa jicho zilibaki dakika mbili na sekunde 45, na maswali manne. Akafanya moja kwa 1:50, sekunde 55 za mwisho akazimaliza anaitazama saa inavyohesabu. Matatu yakabaki meupe.

Nikampa ile risiti na kalamu nikamwambia ajumlishe. Maswali mawili, la saba na la kumi, yalikula dakika kumi na nusu. Yale tisa mengine aliyofanya kabla saa haijambana yalikula 12:45, wastani wa sekunde 85 kila moja. Mtihani unakupa sekunde 104 kwa swali. Kwa hiyo huyu aliyekuwa akilia kwamba ni mzito alikuwa anakwenda haraka kuliko mtihani unavyodai. Halafu piga hesabu ya mwisho: maswali manne ya mkiani kwa sekunde 85 ni sekunde 340, yaani dakika tano na sekunde arobaini. Ni zilezile alizoziteketeza kwenye pembetatu.

Sina risiti yako, lakini ningeweka dau kwamba inafanana na hiyo. Anayekwambia ukimbie anataka uyaharibu yale tisa uliyoyafanya vizuri ili kufidia mawili uliyokataa kuyaachia.

Kwa nini tunakataa? Mimi nalaumu malezi, na nasema hivyo kwa heshima kwa sababu ni malezi yaliyonisomesha mimi pia. Mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ni saa tatu, maswali 14, karibu dakika 13 kwa swali. Ndani ya dakika hizo mwalimu alikufundisha kitu kimoja cha maana: onyesha njia. Hata jibu likikataa, njia ina alama zake. Ukianza swali na ukaandika mistari mitatu ya kweli, kuliacha ni kutupa alama ambazo tayari ni zako. Ndiyo maana mkono unakataa kuondoka.

Kompyuta ya GRE haioni njia yako. Haijui ulichora pembetatu nzuri kiasi gani. Inaona jibu tu, na ndani ya sehemu moja kila swali lina uzito sawa na mwenzake, liwe la sekunde 30 au la dakika sita. Na ukikosa hukatwi. Hayo mambo matatu (hakuna alama za njia, uzito sawa, hakuna kukatwa) ukiyaamini kwa moyo na si kwa mdomo, nusu ya shida yako imeisha leo. Kuyaamini ndiyo kazi, kwa sababu miaka kumi na tatu ya darasani inakuvuta upande wa pili.

Umesema uko kwenye mradi wa samaki, basi utanielewa. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, na wengi hawaingii ziwani. Wanalala, wanashona nyavu. Humwoni mtu anabishana na mwezi. Wewe swali la saba unalipelekea mtumbwi, mafuta na watu wanne huku mbalamwezi inawaka.

Sasa namna ya kuifanya. Ndani ya sehemu moja GRE inakuruhusu kuruka swali, kuliwekea alama, kurudi, na kubadili jibu mpaka muda uishe. Kuna ukurasa unaokuonyesha maswali yote na yapi hujajibu. Basi fanya mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza unasoma swali, na ndani ya sekunde 30 au 40 unajiuliza: naiona njia? Sisemi jibu, nasema njia. Ukiiona, fanya. Usipoiona, otea jibu, weka alama, ondoka. Otea kabla ya kuondoka, si baadaye, ili hata umeme wa akili ukikatika mwishoni pasibaki swali jeupe. Isipokuwa yale maswali ya kuandika namba mwenyewe, na yale ya kuchagua majibu yote yaliyo sahihi: huko kuotea hakuna faida ya kutajwa, maana ukikosa kimoja umekosa yote. Hayo weka alama tu uende.

Kuna mtego wa pili ambao ni mbaya zaidi, na ndio uliomnasa yule binti: njia unaiona, unaingia, halafu katikati inakataa. Hapo mtu anajiambia nimeshatumia dakika mbili, siwezi kuondoka mikono mitupu. Unaweza. Zile dakika mbili zimekwenda hata ukibaki. Kanuni niliyompa, na ninayokupa: dakika mbili zikifika na kazi iliyobaki inazidi mstari mmoja, toka.

Ujuaje kama umechelewa bila kutazama saa kila mara? Usitazame kila swali, utachanganyikiwa. Tazama kila baada ya maswali matano. Kwa maswali 15 na dakika 26, unataka mzunguko wa kwanza uishe ukiwa na dakika tano mkononi, kwa hiyo kila matano yana dakika saba. Saa ya mtihani inarudi nyuma: ukimaliza la tano iwe inasoma kama 19, la kumi 12, la kumi na tano 5. Namba tatu tu, zinakaa kichwani. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21. Huko hesabu dakika tano na nusu kwa kila manne. Ukikuta umechelewa kwa dakika moja, usianze kukimbia. Linalofuata usilolipenda, liache mapema. Deni linalipwa kwa swali moja zima, si kwa kuyabana yote kidogo kidogo.

Zile dakika tano za mwisho ndizo tamu. Unarudi kwenye yale matatu au manne uliyoyawekea alama, na ajabu ni kwamba moja kati ya hayo mara nyingi litafunguka lenyewe kama mlango uliokuwa umesukuma badala ya kuvuta. Anza na lile lililokaribia zaidi. La pembetatu liwe la mwisho.

Mwendo nao usiudharau kabisa, lakini mwendo wa GRE unatokana na kuona kabla ya kukokotoa. Chukua yale maswali ya kulinganisha kiasi viwili. Tuseme upande wa kwanza ni jumla ya namba shufwa zote kuanzia 2 hadi 100, upande wa pili ni jumla ya namba witiri kuanzia 1 hadi 99. Ipi kubwa? Mtakwimu kama wewe atakimbilia kanuni ya mfululizo, apate 2,550 na 2,500, dakika moja na nusu imekwenda, na atajisifu. Sasa zipange mbili mbili: 2 na 1, 4 na 3, 6 na 5, mpaka 100 na 99. Kila shufwa inamzidi jirani yake kwa moja. Umemaliza, na hukuhitaji hata kujua wako wangapi. Swali halikukuuliza jumla, lilikuuliza ipi kubwa. Ukiona unajumlisha kwenye maswali ya kulinganisha, simama uulize kama umetumwa kufanya hivyo.

Na kikokotoo (sicho kile cha wastaafu, usiogope) kipo kwenye skrini, kinabonyezwa kwa kipanya, na ni kizito kuliko unavyofikiri. Bei ya gunia la dagaa ikipanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20, hiyo ni 1.2 mara 0.8, asilimia 96 ya bei ya mwanzo. Mama wa pale mwaloni Kirumba atakwambia amepata hasara kabla hujakifungua. Kitumie kwa namba mbaya tu.

Nirudi kwa rafiki yako. GMAT ya sasa ina sehemu tatu za dakika 45, na kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyotangulia. Huwezi kuliruka swali. Lazima ujibu ndipo upite. Mwishoni mwa sehemu unaruhusiwa kubadili majibu yasiyozidi matatu, na ukiacha maswali bila kumaliza unaadhibiwa. Mtu aliyelelewa hapo ana haki ya kuogopa maswali ya mwanzo. GRE haiko hivyo. Yenyewe inabadilika kwa sehemu nzima: ukifanya vizuri sehemu ya kwanza ya hesabu, ya pili inakuja ngumu zaidi, na hiyo ni dalili njema. Ndani ya sehemu, swali la kwanza na la kumi na mbili ni ndugu. Kwa hiyo ukiwa sehemu ya pili ukahisi maswali yamekuwa makali, usidhani umeharibu. Kuna mtu alinisimulia alivyokata tamaa hapo hapo kwa sababu maswali yalikuwa magumu, wakati ugumu wenyewe ulikuwa pongezi.

Kiingereza sasa. Huko muda ni mfupi zaidi: maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23, sekunde 90 hivi kila moja. Lakini hazigawanywi sawa. Yale ya kujaza nafasi, neno ama unalijua ama hulijui. Kulitazama dakika mbili hakutalifanya ulijue. Yape sekunde 40, 50, uende. Unachookoa huko ndicho kitakacholisha vifungu.

Kusoma kifungu mara mbili, mimi siuiti uvivu wala udhaifu wa Kiingereza. Wengi wetu huku tumeanza na Kisukuma au Kijita au Kikerewe nyumbani, Kiswahili shuleni, Kiingereza kikaja cha tatu. Mara ya kwanza unapitisha macho, mara ya pili ndiyo unasoma. Sasa hiyo ya kwanza ifute. Zoezi ninalowapa watu ni hili, na nakuomba ulifanye kwa sauti mpaka wa nyumbani wakushangae: soma aya moja mara moja, polepole kuliko unavyotaka, halafu funika na useme kwa Kiswahili, sentensi moja tu, huyu mtu anataka nini. Usimtafsiri. Sema kama unamsimulia mwenzio kwenye daladala ya Buzuruga: "Anasema wenzake wote wamekosea kuhusu jambo fulani, ila hana uhakika sana." Basi. Tarehe, majina, orodha za mifano, yaache pale pale kwenye skrini, hayakimbii. Swali likiyataka utarudi kuyachukua. Unachowinda ni maneno ya kugeuza mkondo, yale ya "hata hivyo" na "ijapokuwa", kwa sababu mwandishi akigeuka, swali liko hapo. Baada ya wiki mbili za zoezi hili sentensi ya Kiswahili inajitunga yenyewe kimya kimya, na ule usomaji wa pili unakufa bila kuuliwa.

Insha sitakaa nayo. Huwa inakuja ya kwanza kabisa, moja tu, dakika 30. Panga hoja kwa dakika nne, andika, bakiza tatu za kusoma makosa. Usiimalizie nguvu.

Angalia pia unajiandalia kwa kitabu gani. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, sasa ni saa 1 na dakika 58 bila mapumziko. Vitabu vya zamani vinavyopita mkono kwa mkono vinaeleza ule wa karibu saa nne, sehemu za maswali 20. Maswali yenyewe bado yanafaa kabisa, na muda kwa swali ni uleule, lakini vituo vya saa vilivyoandikwa mle vitakupoteza. Na bila mapumziko maana yake chai ya asubuhi iwe kikombe kimoja.

Wiki zako sita nisingezipanga kwa siku kama ratiba ya shule. Wiki mbili za kwanza fanya seti za maswali 15, na kila seti ujilazimishe kuacha matatu hata kama unayaweza. Matatu, lazima. Utachukia. Unafundisha mkono kuondoka, na mkono haufundishwi kwa maelezo. Baadaye acha yanayostahili tu. Majaribio mawili ya bure ya POWERPREP, yanayotolewa mtandaoni na wenye mtihani wenyewe, usiyale mapema kwa hamu. Moja wiki ya tatu, moja siku nane au tisa kabla, saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani.

Kwa kuwa unafanyia nyumbani, kuna kitu kidogo kinachoiba dakika bila watu kukijua. Nyumbani huruhusiwi karatasi ya kawaida ya kukokotolea. Unaruhusiwa ubao mdogo mweupe wa mezani, au karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, pamoja na kalamu ya wino unaofutika. Maana yake nafasi inaisha, unafuta, na ukifuta umepoteza kazi ya swali uliloliwekea alama kurudi. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya mazoezi yote kwenye daftari la mistari, siku ya mtihani akakuta mwandiko wake wa kalamu nene unajaza ubao kwa maswali mawili. Nunua ubao leo. Gawa kwa mistari vyumba sita, andika namba ya swali kwenye kona, na vyumba vya maswali ya kurudia usivifute.

Mengine unayajua mwenyewe kwa kuishi Nyakato. Chumba kinafungwa na haingii mtu, hata mtoto anayeomba maji. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi, kwa hiyo kama jirani ana mashine ya kusaga, ijue ratiba yake kabla hujachagua saa. Laptopu iwe imejaa chaji, na mtandao usitegemee kitu kimoja kinachokufa umeme ukikatika. Na kama una tatizo la macho au la afya linalokufanya usome polepole, kuna utaratibu wa kuongezewa muda, ila unaombwa na kukubaliwa kabla hujapanga tarehe. Usiuache kwa aibu.

Jumamosi hii fanya sehemu moja tu ya hesabu, ile ya 15 kwa 26. Mweke mtu nyuma yako na simu, aandike sekunde za kila swali, wewe usimwangalie. Ukimaliza zungushia yaliyozidi dakika tatu na uandike pembeni kama ulipata au ulikosa. Nitumie hiyo karatasi kabla hujanunua kitabu kingine.